Pima damu ya mtoto wako kabla homa ya kwanza haijamfikia

LEO hebu tuanzie mbali kidogo na mjini. Tuanzie Muhuru Bay, katika kaunti ya Migori, pale ambapo ardhi ya Kenya inakwisha na maji ya Ziwa Viktoria yanaendelea hadi Tanzania. Ni alfajiri. Wavuvi wanarejea na taa zao, wanawake wanaanika omena juu ya nyavu kuukuu, na katika kituo cha afya mama mmoja amejifungua mtoto wa kike. Tumwite Akinyi, jina wanalopewa wasichana waliozaliwa asubuhi. Mtoto huyu ni wa mfano tu, lakini wenzake ni wengi.

Akinyi ana kilo tatu. Analia kwa nguvu, ananyonya vizuri. Mkunga anamkagua vidole, macho na kitovu, anachanjwa chanjo ya kifua kikuu, anapewa matone ya polio, kisha yeye na mamake wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Kila mtu anasema mtoto ni mzima, na kwa macho kweli ni mzima. Unapita mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ananenepa.

Mwezi wa saba vidole vyake vinavimba, mikononi na miguuni, naye analia usiku kucha akishikwa. Nyanya anasema mtoto ameumwa na mdudu. Jirani anasema ni baridi ya ziwani. Macho yanakuwa ya manjano. Kisha siku moja jioni inakuja homa, naye mama, kama mama yeyote wa ukanda huo angalifanya, anasema ni malaria na kungoja kupambazuke. Kwa watoto wengi wa aina ya Akinyi, kungoja kupambazuke ndiko kulikowaua.

Ugonjwa wenyewe ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli. Si ugonjwa wa kuambukizwa, si laana wala chira ya mtu aliyevunja mwiko. Mtoto huzaliwa nao. Lililo muhimu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya, ni kwamba siku ile Akinyi alipozaliwa tone moja la damu kutoka kisiginoni lingaliweza kuusema ugonjwa huo miezi saba kabla haujajitokeza.

KIMYA CHA MIEZI SITA

Huenda unajiuliza: ikiwa mtoto amezaliwa na ugonjwa, mbona anakaa nusu mwaka bila dalili?

Jibu limo ndani ya damu yenyewe. Wekundu wa damu hutokana na kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili. Mtoto akiwa tumboni huwa na himoglobini yake ya pekee, tofauti na ya mtu mzima. Akisha kuzaliwa, mwili huanza kuiacha polepole na kutengeneza ya ukubwani. Kazi hiyo huchukua miezi kadhaa. Basi mtoto mwenye selimundu hulindwa na ile himoglobini ya tumboni. Inapopungua ndipo ile mbovu inaposhika nafasi, na chembe nyekundu zilizokuwa mviringo na laini zinaanza kujikunja kama mundu wa kuvunia mtama.

Chembe iliyojikunja haipiti vizuri katika mishipa myembamba. Hukwama, na ikikwama damu haifiki mbele. Hayo ndiyo maumivu ya vidole na mifupa. Tena chembe hizo hufa mapema mno: ya kawaida huishi karibu siku 120, ya mundu huishi siku kumi hadi ishirini hivi. Ndiyo sababu damu inapungua na macho kuwa ya manjano.

Lakini kiungo kinachoumia mapema kuliko vyote, tena bila kelele, ni wengu, lile pande la nyama lililo upande wa kushoto chini ya mbavu. Wengu ni chujio. Hukamata bakteria wanaoingia katika damu. Chembe za mundu huliziba chujio hilo tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na mtoto hubaki kama nyumba isiyo na mlango. Bakteria wa nyumokoka, wale wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, wakiingia wanaweza kumuua kwa saa chache. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi walichapisha mwaka 2009 matokeo ya uchunguzi wao wa watoto wa Kenya wenye selimundu waliopatikana na bakteria katika damu, na nyumokoka ndiye aliyeongoza.

Wataalamu hukadiria kwamba barani Afrika nusu au zaidi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi wao bila yeyote kujua walikuwa nao. Cheti kikiandikwa husema malaria, au nimonia, au upungufu wa damu. Si uongo. Ila hakijasema chanzo.

Waluo wana majina Owiti na Awiti, ambayo kwa desturi hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, maana yake aliyetupwa. Siwezi kusema kila Owiti alitanguliwa na ndugu wenye selimundu, kwani malaria peke yake imezika watoto wengi kandokando ya ziwa. Lakini nikilisikia jina hilo siku hizi hujiuliza.

KWA NINI ZIWANI, KWA NINI PWANI

Mwaka 1949 kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, Uingereza, alizunguka nchini akichukua damu ya watu wa makabila mbalimbali. Aligundua jambo la ajabu. Nyanda za juu alikuta wachache sana wenye chembe ya urithi ya selimundu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria walikuwa tele, mtu mmoja katika kila watano na hata zaidi. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo. Mbu! Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Hapa ndipo penye kitendawili. Kila mtu ana maagizo mawili ya kutengeneza himoglobini, moja kutoka kwa baba na jingine kwa mama. Agizo la kawaida huandikwa A, la mundu huandikwa S. Mwenye AA hana neno. Mwenye AS si mgonjwa, anafanya kazi zake, anavua samaki, anacheza kandanda, na malaria inamwogopa kidogo. Mwenye SS ndiye mgonjwa, na wala hana ile kinga ya mzazi wake. Malaria ikimpata humwangusha vibaya kuliko wengine.

Wazazi wawili wenye AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto SS. Zingatia neno kila mimba. Si kwamba ukisha kupata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamesalimika. Ni kama kurusha shilingi upya kila mara.

Sasa tufanye hesabu ya dukani. Ikiwa mtu mmoja katika watano ana AS, basi katika kila ndoa 25 kuna moja ambayo mume na mke wote ni AS. Robo ya watoto wa ndoa hiyo watakuwa SS. Yaani mtoto mmoja katika kila mia. Hesabu hii si ya karatasini tu. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uchunguzi uliohusisha Hospitali ya Bugando ya Mwanza na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta watoto 20 hivi katika 100 ni AS, na zaidi kidogo ya mmoja katika 100 ni mgonjwa. Maji ni yale yale, mbu ni wale wale, na watu wa Muhuru wana jamaa pande zote mbili.

Na hapa niseme jambo linalovunja nyumba. Mara nyingi mtoto akiugua, lawama humwangukia mke: damu ya kwao ni mbaya, ametuletea maradhi. Mtoto SS amepata S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Hakuna wa kumnyoshea mwenzake kidole.

KARATASI YA DAKTARI GUTHRIE

Fikra ya kumpima mtoto angali mzima haikuanzia kwa selimundu. Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway, Borgny Egeland, alimpelekea Daktari Asbjørn Følling watoto wake wawili waliodumaa akili na ambao mkojo wao ulikuwa na harufu ya ajabu. Følling aligundua kwamba miili yao ilishindwa kuvunjavunja kijenzi kimoja cha protini, nacho kikajaa na kuudhuru ubongo. Ugonjwa huo huitwa fenilketonuria. Baadaye ilijulikana kwamba mtoto akipewa chakula maalumu tangu wiki za kwanza, ubongo wake husalimika. Lakini utamjuaje mapema, naye anaonekana kama wengine?

Mmarekani Robert Guthrie, wa Buffalo, New York, alipata jibu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alimdunga mtoto kisigino, akadondoshea damu kwenye karatasi nzito inayonyonya, akaiacha ikauke. Karatasi hutiwa katika bahasha na kutumwa kwa posta. Haihitaji barafu, haihitaji chupa. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts liliufanya upimaji huo kuwa sheria, na nchi tajiri nyingine zikafuata. Leo tone hilo hilo hupimiwa maradhi mengi: upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ambao hutibika kwa kidonge kimoja kwa siku na usipotibiwa hulemaza akili; galaktosemia, ambapo maziwa yenyewe humdhuru mtoto; na mengine mengi.

Fenilketonuria kwetu ni nadra. Ugonjwa wa tezi upo, lakini si wa kila kijiji. Lakini kuna kasoro nyingine ya kurithi inayofuata njia za malaria kama selimundu, nayo ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Huwashika zaidi watoto wa kiume. Mwenye nao huwa hana shida mpaka akutane na kitu kinachovunja chembe zake nyekundu: dawa kama primakwini, au zile tembe nyeupe za kuulia nondo ambazo wengi wetu huziweka kwenye sanduku la nguo. Mtoto mchanga akifungwa blanketi lililokaa na tembe hizo anaweza kuwa wa manjano siku chache baada ya kuzaliwa, na manjano ikizidi huharibu ubongo. Nguo za mtoto mchanga zihifadhi bila tembe hizo, umempima au hujampima.

Turudi kwa selimundu, maana hapo ndipo karatasi ya Guthrie ingaliokoa wengi katika kanda yetu. Kwa miaka mingi madaktari waliuliza: tukimjua mtoto ni SS siku ya kwanza, tutamfanyia nini? Jibu lilitoka Marekani mwaka 1986. Watoto wadogo wenye selimundu waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, jingine likapewa dawa bandia. Maambukizi makali ya nyumokoka yalipungua kwa asilimia 84, na uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Penisilini, msomaji! Dawa ya zamani, ya bei nafuu. Ila ina sharti moja, nalo ni kwamba ianze karibu na mwezi wa pili au wa tatu, kabla wengu haujakufa na kabla homa ya kwanza haijafika. Mtoto aliyegunduliwa akiwa na mwaka na nusu amechelewa kwa kile kipindi cha hatari zaidi.

Uganda walionyesha njia rahisi. Kati ya 2014 na 2015 walichukua karatasi za damu kavu zilizokwisha kutumwa Kampala kutoka wilaya zote kwa ajili ya kuwapima watoto virusi vya Ukimwi, wakazipima selimundu vilevile. Sampuli zilikaribia 100,000. Watoto 13 katika 100 walikuwa AS, na 7 katika 1,000 walikuwa wagonjwa. Hawakumdunga mtoto hata mmoja upya.

Upande wetu wa ziwa karatasi kama hizo zinasafiri pia. Mtoto wa mama mwenye virusi hupimwa akiwa na wiki sita, damu hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara, na miongoni mwa maabara hizo zimo za KEMRI Kisumu. Njia ipo, wahudumu wanaijua kazi, bahasha inasafiri. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kushughulikia selimundu mwaka 2020, lakini kumpima kila mtoto anayezaliwa bado si utaratibu wa lazima nchini. Kwa maoni yangu, kaunti za Migori, Homa Bay, Siaya, Kisumu na Busia, pamoja na zile za pwani, hazina haja ya kungoja nchi nzima.

WEWE WA MJINI

Pengine unasoma haya ukiwa Umoja, au Kisauni, au Kondele, na kusema Muhuru ni mbali. Damu haina mahali. Ikiwa wewe na mwenzako asili yenu ni ziwani, magharibi au pwani, mtoto wenu aliyezaliwa Nairobi ana hesabu ile ile ya mtoto wa Muhuru. Isitoshe, Nairobi daktari anaweza asiufikirie ugonjwa huu upesi kama mwenzake wa Migori anavyoufikiria kila siku.

Unapompeleka mtoto kliniki kwa chanjo ya wiki sita, muulize muuguzi kuhusu kipimo cha selimundu. Ukikuta hospitali inacho, uliza ni kipi. Kile kipimo cha zamani cha kuchanganya damu na dawa ili kuona kama chembe zinajikunja hakifai kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa sababu ile himoglobini ya tumboni huificha S. Unaweza kuambiwa hana, kumbe anao. Kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini katika maabara ndicho cha kuaminika. Siku hizi pia kuna vipimo vidogo kama vile vya malaria, tone moja kwenye kijikaratasi, na jibu hupatikana muda si mrefu ukiwa umekaa hapo hapo. Kikionyesha S mbili, damu irudiwe maabara kuthibitisha. Na ikiwa mtoto amewahi kuongezwa damu, mwambie mpimaji, kwani atakuwa anapima damu ya mtu mwingine.

Jibu likiwa AS, nenda nyumbani ukalale. Liandike tu, atalihitaji akitaka kuoa au kuolewa.

Jibu likiwa SS, utalia, na huna budi kulia, lakini anza kazi siku hiyo hiyo. Penisilini asubuhi na jioni hadi atimize miaka mitano, kwa kipimo atakachokupa daktari kulingana na umri. Dawa ya kuzuia malaria kama daktari atakavyoagiza, pamoja na chandarua kila usiku. Chanjo zote kwa wakati, hasa ile ya nyumokoka ambayo Kenya iliianzisha mwaka 2011 na hutolewa bure kliniki. Foliki asidi. Maji ya kunywa kwa wingi anapokua, na kumkinga na baridi kali. Nyanya wa ziwani hakukosea kabisa kuhusu baridi. Mwombe muuguzi akufundishe kulipapasa tumbo upande wa kushoto uujue ukubwa wa wengu. Ukivimba ghafla na mtoto akapauka, ni safari ya hospitali hapo hapo, kwani damu inaweza kukusanyika humo na kumwishia mwilini.

Na homa. Joto likipanda, usingoje kupambazuke, usinunue dawa ya malaria dukani ukalala. Nenda usiku huo, na neno la kwanza utakalomwambia mhudumu ni kwamba mtoto ana selimundu.

Kuna habari njema zaidi kwa wale wanaovuka mwaka wa kwanza. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo huurudishia mwili kiasi cha ile himoglobini ya tumboni, ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kilifi kwetu na Mbale, Uganda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, haja ya kuongezwa damu ikapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Muulize daktari wa watoto, kwani inahitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Jibu lolote lile, mwombe muuguzi aliandike kwa wino katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na nje ya jalada pia, kwa herufi kubwa. Usiku wa homa huenda atakayembeba mtoto hadi hospitali si wewe. Huenda ni shangazi, au yaya, au jirani mwenye pikipiki.